Kutoboa kioo cha tangi la samaki: kazi ya watu watatu

Mfugaji wa samaki wa mapambo anayetaka kuweka chujio kubwa katika tangi la pili, chini ya kabati, hulazimika mapema au baadaye kutoboa tundu katika kioo cha tangi la juu ili maji yashuke yenyewe na pampu iyarudishe. Haja hiyo huwapata zaidi wanaofuga samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kwa sababu samaki hao huwekwa wengi pamoja ili ugomvi wao usimwelemee mmoja, na wingi huo unahitaji maji mengi na chujio kubwa. Jijini Dar es Salaam ni rahisi kumpata fundi wa vioo na alumini wa kuunda tangi kwa vipimo unavyotaka, lakini si kila fundi aundaye tangi ana biti ya drili ya kutobolea tundu pana, wala si kila mmoja atakubali kubeba hasara ya tangi ambalo tayari limegundishwa. Hivyo kazi hii huwaangukia wafugaji wenyewe, nao huifanya vizuri wanapoifanya kwa msaragambo: vifaa vikichangiwa, mwenye uzoefu akimwongoza asiye nao, na angalau watu watatu wakiwa wamelizunguka tangi wakati drili inapozunguka.

Kabla ya jambo lolote ni vyema kuelewa kwa nini kioo hupasuka kinapotobolewa. Biti ya almasi haikati kioo, bali hukisaga kidogo kidogo, na kusaga huko hutoa joto. Sehemu iliyopata joto hutanuka wakati iliyo jirani nayo bado ni baridi, na kwa kuwa kioo hakinyumbuki vya kutosha, tofauti hiyo huishia kwenye ufa. Adui wa pili ni shinikizo la mkono, ambalo huwa baya zaidi katika milimita ya mwisho, pale kioo kinapokuwa kimebaki chembamba. Maelekezo karibu yote yanayofuata yanalenga kuzuia ama joto ama shinikizo, na anayeyashika hayo mawili kichwani ataweza kujiamulia hata jambo ambalo halikuandikwa hapa.

Kutambua aina ya kioo

Kioo cha tempa hakitobolewi. Kioo hiki hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha hupozwa ghafla kwa upepo, ili uso wake ubaki umejibana na ndani yake kukivutika. Biti ikishapenya uso huo, kioo chote husambaratika kuwa chembe ndogo kwa mara moja, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuzuia. Matangi mengi ya kiwandani yanayotoka nje huwa na kitako cha tempa hata pale ambapo kuta zake ni za kioo cha kawaida, na mara nyingine huwa na kibandiko chini kinachoonya yasitobolewe. Kibandiko kikiwa kimebanduka, usichukulie kwamba ruhusa imepatikana.

Kwa tangi lililoundwa hapa jijini, swali la kumwuliza fundi ni moja: je, kioo hiki ulikikata mwenyewe kwa kalamu ya kukatia? Akijibu kwamba alikikata dukani kwake kutoka katika kioo kikubwa, basi si tempa, kwa sababu tempa haiwezi kukatwa baada ya kutengenezwa. Fundi asipopatikana, kuna njia inayohitaji kompyuta mpakato na miwani ya jua ya polaraizidi, yaani ile inayochuja mwanga wa mwelekeo fulani. Washa kompyuta ionyeshe ukurasa mweupe mtupu, iweke nyuma ya kioo unachokipima, kisha tazama kutoka upande wa pili ukiwa umeshika miwani mbele ya jicho na kuizungusha polepole mpaka skrini iwe nyeusi. Kioo cha kawaida hubaki cheusi sawasawa, ilhali cha tempa huonyesha mabaka, mistari au rangirangi. Kompyuta inafaa kuliko simu, maana skrini za baadhi ya simu hazitoi mwanga wa namna inayohitajika. Ukibaki na shaka baada ya kipimo hicho, lihesabu tangi hilo kuwa ni la tempa na utafute njia nyingine ya kushushia maji.

Mwenye bahati kuliko wote ni yule ambaye tangi lake bado halijagundishwa. Huyo na alete kioo kitobolewe kikiwa kimelala mezani, na kitobolewe kuanzia upande utakaokuwa wa ndani, kwa kuwa vipande vidogo humeguka upande ambao biti inatokea, na ni heri mmeguko huo uwe nje, ambako raba ya kiungio cha bomba, inayozuia maji yasivuje, haikai.

Mahali pa kuweka tundu

Hapa ndipo panapostahili kutumiwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu tundu likishatoboka halisogezwi. Nunua kwanza konekta ya tangi, yaani kile kiungio cha plastiki chenye nati na raba ambacho mafundi bomba hukitumia kwenye matangi ya maji ya juu ya nyumba, kisha pima unene wa shingo yake yenye nyuzi, na ndipo utafute biti inayolingana nayo. Konekta ya inchi moja mara nyingi huhitaji tundu la milimita 44 hadi 45, lakini watengenezaji hutofautiana, na anayenunua biti kabla ya konekta hujikuta na tundu ambalo nati yake haifuniki vizuri. Konekta iwe ya plastiki tupu. Zile za shaba zinazouzwa kando yake zinafaa kwa maji ya nyumbani, ila shaba huwadhuru samaki, na kwa uduvi na konokono ni sumu hata ikiwa kidogo.

Kanuni ya umbali ni kwamba kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo kuwe na nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe, na kati ya tundu na tundu iwe hivyo hivyo. Kwa tundu la milimita 45, hesabu yake ni 45 za nafasi na 22.5 za nusu ya tundu, yaani kitovu kikae milimita 67.5 kutoka ukingoni. Hicho ni kiwango cha chini, nami hupendelea milimita 80, kwa sababu juu ya tangi huwa pamegundishwa mkanda wa kioo wa kuimarisha, na konekta yenye elbo (kipande cha bomba chenye kona) ndani huhitaji nafasi ya kuzunguka. Angalia pia upande wa nje: nati ni pana kuliko tundu, bomba linahitaji kukunja kona, na ukuta wa sebule uko nyuma yake.

Nashauri tundu liwe katika kioo cha nyuma, karibu na juu, na si kwenye kitako. Tundu la kitakoni likivuja, hakuna kitakachoyazuia maji mpaka yaishe, na wenye kupanga mawe mazito huongeza uzito palepale ambapo kioo kimedhoofishwa. Bomba la kurudisha maji kutoka kwenye pampu halihitaji tundu kabisa, kwani linaweza kupita juu ya ukingo wa tangi. Matundu ya kushushia, kinyume chake, yawe mawili. Konekta ya inchi moja inayoshusha maji kwa uzito wake tu huhesabiwa kupitisha takriban lita 2,000 kwa saa, na pampu isizidi hapo. Lakini jani au samaki mmoja aliyekufa anaweza kuliziba tundu hilo usiku, na tundu la pili, lililowekwa juu kidogo, ndilo litakaloiokoa sakafu.

Vifaa, na namna ya kuvichanga

Biti inayohitajika ni ya duara, haina meno, na ukingo wake umepakwa chembechembe za almasi ambazo ukizigusa zinakwaruza kama msasa. Mafundi wa vigae huitumia kupitishia mabomba ukutani, hivyo katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo usiulize habari za samaki. Ulizia biti ya almasi ya kutobolea vigae na kioo, na utaje milimita. Ile yenye meno ya chuma ni ya mbao, na ile yenye ncha nene chache ni ya zege. Zote mbili zitavunja kioo.

Biti ya namna hii mfugaji mmoja huitumia mara moja au mbili kisha humkalia kabatini, na ndiyo sababu ya kuichangia. Kundi la marafiki wachache linaweza kununua saizi tatu zinazotumika zaidi na kuziweka kwa mtu mmoja mwaminifu, pamoja na daftari la kuandika kila biti imetoboa matundu mangapi katika kioo cha unene gani. Daftari hilo si urasimu wa bure. Almasi huisha, biti butu haisagi, na mtu aliyeshika biti butu huanza kukandamiza bila kujitambua, ambapo ndipo matangi mengi yanapopotea. Makubaliano mengine ni kuhusu hasara: itamkwe mapema, mbele ya wote, kwamba kioo kikipasuka hasara ni ya mwenye tangi na si ya aliyeshika drili. Asiyekubali sharti hilo hajawa tayari kutobolewa tangi lake, na ni afadhali lijulikane kabla kuliko urafiki uvunjike pamoja na kioo.

Drili iwe ya betri. Umeme wetu ni wa volti 230, nanyi mtakuwa mmesimama karibu na maji yanayotiririka; drili ya waya katika mazingira hayo ni hatari ambayo hakuna sababu ya kuikubali. Iwekwe kwenye gia namba 1 yenye mwendo wa polepole, na kile kidude cha kuchagua kisielekee kwenye alama ya nyundo hata kidogo. Kwa biti ya milimita 45, mizunguko 400 hadi 600 kwa dakika inatosha. Vinavyobaki ni vya kawaida: plaiwudi, gundi ya karatasi pana ya kufungia maboksi, plastasini ya watoto wa shule, sponji ya godoro au blanketi, taulo, chupa kadhaa za maji za lita moja na nusu zilizotobolewa kifuniko, msasa wa maji namba 400, na miwani ya kukinga macho kwa kila aliyepo.

Kutoboa

Ondoa maji, mawe na mchanga wote. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 hubeba lita 270, ambazo ni kilo 270 kabla ya kuhesabu jiwe hata moja, na kioo kilichobeba mzigo hakitobolewi. Lilaze tangi juu ya sponji, kioo cha mbele kikiwa chini na cha nyuma kikiwa juu, mahali penye kivuli. Jua la Dar es Salaam hukipasha kioo moto haraka, na kukimwagia maji baridi kikiwa hivyo ni kuualika ufa. Kwa sababu hiyo hiyo maji yasitoke kwenye friji. Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa kutobolea, mradi tangi lisuuzwe baadaye.

Ndani ya tangi, juu ya kioo cha mbele, tandika taulo iliyokunjwa mara kadhaa, kwa kuwa kipande kitakachokatika kitadondoka hapo. Chini ya mahali pa tundu, upande wa ndani, bandika gundi ya karatasi tabaka tatu au nne ili zikishike kipande hicho na kupunguza mmeguko. Juu, weka alama ya kitovu, kisha zungushia ukuta mdogo wa plastasini ili maji yatuame kama kidimbwi.

Biti ya duara haina ncha ya katikati ya kuielekeza, hivyo huteleza inapoanza. Wazoefu huinamisha drili nyuzi 45, husaga hilali ndogo kwenye kioo, kisha huiinua drili polepole mpaka isimame wima wakati mfereji unajikamilisha. Kwa anayeanza napendekeza kiolezo: kipande cha plaiwudi kilichotobolewa kwa biti ya mbao yenye upana uleule, kikashikwa imara juu ya alama na mtu wa pili kwa mikono miwili. Mfereji ukishafika kina cha milimita moja, kiolezo kiondolewe ili maji yafike vizuri.

Kazi za watu watatu ni hizi. Wa kwanza hushika drili na hafanyi jambo lingine. Wa pili humimina maji mfululizo na kuyatazama rangi, kwa maana yeye ndiye anayeona mapema kuliko wote: maji meupe mepesi ni dalili njema, uji mzito ni dalili kwamba maji hayatoshi, na unga mkavu ni amri ya kusimama. Wa tatu hushika kiolezo mwanzoni, kisha hulishika tangi lisisogee na kusikiliza sauti. Yeyote kati yao akisema “simama”, drili inasimama mara moja, na maswali yanaulizwa baadaye. Sharti hili linapaswa kuwabana hata wakubwa kwa umri. Kijana aliyeshika chupa ya maji asione haya kumsimamisha mzee aliyeshika drili.

Uzito wa drili yenyewe ndio shinikizo linalotakiwa. Mkono huiongoza tu. Kila baada ya sekunde kumi hivi, inua biti kidogo ikiwa bado inazunguka, ili maji yaingie mferejini na unga utoke. Kioo cha milimita 6 huchukua dakika chache, cha milimita 10 huchukua muda mrefu zaidi, na hakuna sababu ya kuharakisha kimojawapo. Sauti ya mlio mkali humaanisha joto. Karibu na mwisho mlio hubadilika na kuwa kama wa kitu kilicho wazi. Hapo aliyeshika drili aanze kuibeba badala ya kuiegemea, ili milimita ya mwisho isagwe na isivunjwe. Ni muhimu zaidi kwa tangi lililokwisha kugundishwa, kwa sababu linatobolewa kutoka nje na mmeguko unatokea ndani, palepale raba inapokuja kukaa.

Asiyewahi kutoboa kioo asianzie kwenye tangi. Maduka ya vioo huwa na vipande vilivyobaki baada ya kukata. Omba kimoja chenye unene uleule, na kila mshiriki atoboe tundu lake moja akiwa anabadilishana nafasi na wenzake. Unga wa kioo una madhara kwa mapafu, kwa hiyo usiruhusiwe kukauka na kupeperuka: ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, na mwenye kanga au shati pana alifunge mbali na drili.

Iwapo ufa utatokea, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Silikoni, ile gundi ya kuungia vioo vya tangi, haizibi ufa unaobeba mzigo wa maji, na ufa ulioanzia kwenye tundu utaendelea kutambaa. Kioo hicho kibadilishwe na fundi.

Kufunga na kupima

Lainisha kingo za tundu pande zote mbili kwa msasa uliolowa, kwa mkono na si kwa mashine, mpaka kidole kisihisi ukali. Suuza tangi kwa maji matupu bila sabuni. Kagua mmeguko: ukiwa ni mdogo kiasi kwamba raba inaufunika na kubaki na nafasi safi kuuzunguka, hauna neno, ukifika kwenye ukingo wa nje wa raba, tundu hilo litavuja. Konekta huingizwa kutoka ndani, raba ikae kati ya ukingo wake mpana na kioo, na nati ifungwe kutoka nje kwa mkono, kisha iongezwe robo mzunguko tu. Raba isipakwe silikoni, kwa kuwa huifanya iteleze na kukaa upande. Mabomba nayo yashikiliwe na kabati au ukuta, yasiuning'inizie uzito wao kwenye kioo.

Ujazaji wa kwanza ufanyike uani au kibarazani. Tundu likiwa karibu na juu halitaguswa na maji mpaka tangi lijae, kwa hiyo ziba bomba kwa muda, jaza kwa hatua mpaka maji yapite juu ya konekta, funga karatasi kavu ya chooni kuzunguka nati, na uache saa 24. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Jaribio la mwisho ni la kukatika kwa umeme, na katika jiji letu halipaswi kuachwa. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu hushuka mpaka yafikie kiwango cha tundu la kushushia, na bomba la kurudishia nalo huyanyonya kurudi nyuma mpaka mdomo wake uingize hewa. Katika tangi la sentimita 120 kwa 45, kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4, mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 27 zitashuka kwa mpigo, tena mbali na yaliyomo ndani ya mabomba. Inua mdomo huo karibu na uso, au utoboe kitundu kidogo kwenye bomba hilo chini kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie mapema, na ukisafishe mara kwa mara kwa sababu mwani hukiziba. Kisha zima pampu kwenye swichi, subiri maji yatulie, na upige mstari wa wino usiofutika mahali yalipofika katika tangi la chini. Ikiwa yamefurika, washa pampu, punguza maji, urudie. Yakitulia bila kufurika, washa pampu na uyaache yajigawe, kisha upige mstari wa pili katika tangi hilo la chini: huo ndio ukomo wa kujazia maji wakati pampu inafanya kazi, na kila anayeachiwa tangi ukiwa safarini aonyeshwe.